Gitaa Lililokatwa Pembe

Kulikuwa na mahali katika wimbo ule ambapo vyombo vyote vilinyamaza, kwaya nzima ikapiga makofi mawili, pa-pa, halafu gitaa la solo likaingia peke yake kwa mbwembwe, kama shangazi aliyechelewa harusini na bado anataka kiti cha mbele. Palikuwa mahali patamu. Wapita njia walisimama nje ya kanisa wakapasubiri, na wakishapasikia wakaendelea na safari zao za sokoni. Mtu mmoja tu hakuwahi kuuonja utamu huo, naye ni Tumpe, mpiga solo mwenyewe. Wenzake walipopiga makofi, yeye alikuwa ameikaba shingo ya gitaa kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kukimbia. Akiachia kidogo tu, kichwa cha gitaa kiliporomoka mpaka magotini, mkanda ukateleza begani, na solo ikaingia imechelewa huku mpigaji ameinama akiitafuta.

Gitaa lilikuwa zito shingoni. Hicho ndicho kisa chote, na ukikisikia hivihivi unaweza kudhani ni kitu kidogo. Si kidogo. Mkono wa kushoto una kazi yake ya kukimbia juu ya nyuzi, na mkono unaokimbia hauwezi kubeba. Wa Tumpe ulitakiwa kufanya yote mawili, na mshika mawili moja humponyoka.

"Gitaa lenu limeokoka kuwashinda nyie wenyewe," vijana wa pale nje walimtania. "Kila dakika linainama kusali!"

Tumpe alicheka nao, maana kucheka ni bure, lakini moyoni aliungua. Alijifunza kupiga kwenye gitaa la galoni, kule Mbozi kwenye kahawa za baba yake, nyuzi zake za waya wa breki ya baiskeli. Alipoolewa akaja Chapwa, hapa pembeni mwa Tunduma, akaingia kwaya akiwa mwimbaji tu. Siku walipotafutwa wapiga solo, wanaume wawili walijaribu na yeye akajaribu, na wanaume wale wawili wakasema wenyewe, bila kulazimishwa, kwamba mpeni mama huyu. Mwanamke wa kwanza kushika solo katika kwaya ile! Sasa gitaa lenyewe ndilo lilikuwa linamuaibisha mbele za watu.

Lilitoka ng'ambo, Nakonde. Miaka ile mpaka ulikuwa umechangamka, biashara imefunguliwa, na kila kitu kilivuka: vitenge, sabuni, matairi, redio za kaseti. Kwaya iliuza maharage ya shamba lao la pamoja, na Tumpe akavuka na Mwalimu Rubeni, mwalimu wa kwaya, kwenda kumwona Mzambia mmoja ambaye bendi yake ilikuwa imevunjika. Gitaa lilikuwa jekundu, linang'aa, na kiwiliwili chake kilikuwa na ncha mbili zilizochongoka kwa mbele, moja juu na moja chini ya shingo. Tumpe alilivaa akasimama. Akapiga, akacheza, akazunguka, mpaka yule Mzambia akapiga makofi akisema, "Mayo! Hilo lilikuwa linakusubiri wewe!"

Lilipofika kanisani ili liwekwe wakfu, Mzee Ezron alivaa miwani yake. Mzee Ezron alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwema kabisa. Maharage mengi yaliyonunua gitaa hilo yalilimwa kwa jembe lake. Ila alikuwa na macho yanayotafuta.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Gitaa, mzee," akajibu Mwalimu Rubeni.

"Gitaa naliona. Nauliza hizi." Akazigusa zile ncha mbili kwa kidole kimojakimoja, kama anagusa chungu cha moto. "Hizi ni pembe."

"Ndivyo yanavyotengenezwa, mzee."

"Ng'ombe ana pembe. Mbuzi ana pembe. Na yule mwingine naye ana pembe. Sasa hili si ng'ombe wala si mbuzi. Madhabahuni haliingii."

Makene, mume wa Tumpe, aliposimuliwa alicheka sana. Alikuwa Msukuma wa Kamsamba, mfugaji na mkulima, aliyepanda kutoka bondeni na ng'ombe wake wa kulimia. "Ng'ombe zangu zote zina pembe," alisema, "na sijaona hata moja inatenda dhambi." Lakini neno la mzee ni neno. Eliudi, fundi seremala, akaleta msumeno akazikata pembe zote mbili, akapiga msasa, akapaka rangi. Kishikizo cha mkanda, ambacho mwanzoni kilikuwa kwenye ncha ya pembe ya juu, akakirudisha nyuma kwenye kiwiliwili, akakikaza vizuri kwa skurubu. Gitaa likawa na umbo la andazi. Likawekwa wakfu, watu wakashangilia, na Jumapili ileile likaanza kuinama.

Hakuna aliyezikumbuka zile pembe. Nani hukumbuka kucha alizokata? Wengine walisema funguo za kukazia nyuzi, pale kichwani, ni chuma kizito. Wengine walisema mkanda unateleza. Na wapo waliosema, tena kwa upole wa kuudhi, kwamba mabega ya mwanamke yana mteremko.

Tumpe alianza na mkanda. Makene alimkatia wa ngozi ya ng'ombe, upande wa manyoya ukikaa ndani ili ushike. Na ulishika kweli! Ulishika hata blauzi. Gitaa lilipoinama likaivuta blauzi nayo, ikatoka begani katikati ya ubeti wa pili, na akina mama wa sauti ya kwanza wakamkimbilia na khanga kama wanazima moto. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na siku ile Tumpe aliwaamini wahenga kuliko siku zote.

Ndipo Zabron akaja na lake. Zabron alipiga gitaa la ridhimu, kijana mrefu mwenye roho nyeupe na mikono kama makasia.

"Dada Tumpe, dawa ya moto ni moto," alisema. "Kichwa kizito? Na sisi tunatia uzito matakoni."

Akaazima jiwe la mizani kwa muuza mahindi, jiwe la chuma, akalifunga nyuma ya gitaa kwa mpira wa tairi. Wakaenda mazoezini. Na jamani, gitaa likasimama sawa! Tumpe akaimba kwa furaha wimbo wa kwanza. Wimbo wa pili bega likaanza kumuuma. Wimbo wa tatu mkono mzima ukafa ganzi, maana sasa alikuwa amebeba gitaa pamoja na duka la mahindi. Kwenye wimbo wa makofi, mwili wake ukatikisika kidogo, mpira ukalegea, na jiwe likatua juu ya kidole gumba cha mguu wa Mwalimu Rubeni.

Mwalimu alikaa kwenye benchi, kiatu mkononi. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Tumpe, mwanangu," alisema, "Jumapili hii tunaimba mbele ya kanisa zima, na baada ya hapo tunapanda lori kwenda Kamsamba kwenye mkutano wa kwaya. Kwaya zitatoka kila mahali. Siwezi kupeleka gitaa linaloanguka. Likiinama Jumapili, solo atashika Zabron, ana mkono mrefu. Wewe utarudi sauti ya kwanza. Na una sauti nzuri sana."

Kusifiwa sauti wakati unanyang'anywa gitaa ni sawa na kusifiwa meno wakati unang'olewa jino. Tumpe alisema, "Sawa, mwalimu," akaenda nyumbani akiwa amelibeba gitaa mgongoni, na njia nzima hakuona hata mtu mmoja wa kumsalimia, ingawa walikuwa wamejaa tele.

Asubuhi yake kulikuwa na kulima. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshuka, udongo umelainika, na hakuna mwanamke wa Chapwa anayeweza kumwambia mumewe leo silimi, nina huzuni ya gitaa. Kazi ya Tumpe ilikuwa kutangulia mbele na kamba, akiwaongoza ng'ombe, huku Makene akishika plau nyuma. Ng'ombe walikuwa wawili. Mmoja aliitwa Sajenti, maksai mkubwa aliyelima mashamba ya watu tangu Kamsamba. Wa pili alikuwa mdogo, ndiyo kwanza anafundishwa, na jina lake Mgeni.

Walianza vibaya. Sajenti alikuwa akitangulia na Mgeni akibaki nyuma, nira ikapinda, plau likafuata upande, na mfereji ukatoka kama njia ya mlevi. Mgeni alihema ulimi nje.

"Simamisha!" Makene akaita.

Akaja mbele. Nira yake ilikuwa na matundu kadhaa katikati, na pete ya mnyororo ilikaa kwenye tundu la katikati kabisa. Makene akaichomoa, akaihamisha kwenye tundu la pembeni, upande wa Sajenti.

"Unakosea, Baba Goodness," Tumpe akamwambia. Alikuwa na hasira za jana, na mume ndiye aliyekuwa karibu. "Unamsogelea mwenye nguvu? Si huyu mdogo ndiye mwenye shida?"

"Ndiyo maana namsogelea mwenye nguvu."

"Mimi nilifikiri utamwongezea huyu mdogo kitu."

"Nimwongezee nini? Jiwe la mizani?" Makene alikuwa ameshasikia habari za kidole cha mwalimu, Chapwa nzima ilikuwa imesikia. "Mama Goodness, mizigo haisawazishwi kwa kuongeza mzigo. Unasogeza pete iende kwa aliye mzito, basi, huyu mwepesi naye anapata mkono mrefu, wanakuwa sawa. Katikati ya mti siyo katikati ya kazi. Haya, twende."

Wakaenda. Sajenti akahisi mzigo umemjia, akapunguza majivuno. Mgeni akanyanyua kichwa. Nira ikanyooka, ikalala sawa juu ya shingo mbili kama ubao juu ya meza, na plau likapasua udongo moja kwa moja hadi mwisho wa shamba. Tumpe alitembea kinyumenyume, kamba mkononi, akiitazama ile nira. Aliitazama pete. Aliitazama nira tena. Sogeza pete iende kwa aliye mzito.

Aliye mzito ni kichwa. Pete ni kishikizo cha mkanda. Na kishikizo kilikuwa wapi siku ile Nakonde, alipocheza na kuzunguka na gitaa halikuinama hata kidogo?

"Pembeni!" akapiga kelele. "Kwenye pembe! Kilikuwa kwenye ncha ya pembe!"

"Pembe imefanya nini?" Makene akashtuka, akimtazama Sajenti.

"Nakonde halikuinama! Walilikata! Baba Goodness, walikata nira!" Na Tumpe akaitupa kamba akakimbia, khanga mkononi, akiruka mifereji.

"Mama Goodness! Ng'ombe! Ng'ombe wanaingia kwenye maharage ya watu! Tumpe!"

Nani amsikilize? Alifika nyumbani na pumzi moja. Akalishusha gitaa ukutani, akatazama huku na huku akitafuta kitu kirefu, kigumu, na jicho likaangukia mwiko. Mwiko mkubwa wa ugali, ule wa siku za wageni. Akaulaza juu ya kiwiliwili cha gitaa, kichwa cha mwiko nyuma na mpini ukichomoza mbele kuelekea upande wa shingo, mahali palepale ilipokuwa pembe ya juu. Akaufunga kwa mpira wa tairi wa Zabron, akazungusha, akakaza kwa meno. Mkanda akaunganisha: huku mkiani kama kawaida, kule kwenye ncha ya mpini wa mwiko. Matope ya shamba yalikuwa bado miguuni.

Akalivaa. Akasimama katikati ya ua. Akaachia kidole cha kwanza cha mkono wa kushoto, cha pili, cha tatu. Akabakiza dole gumba tu chini ya shingo, akaogopa, akafumba macho, akaachia na hilo.

Alisubiri kipigo cha magoti. Hakikuja. Akafumbua jicho moja. Gitaa lilikuwa limelala mbele yake, kichwa juu kidogo, limetulia tuli. Akatikisa kiuno. Limetulia. Akapiga hatua tatu za kwaya, kulia, kushoto, kulia. Limetulia! Basi Tumpe akainua mikono yote miwili mbele ya uso wake akapiga makofi, pa-pa, na kelele iliyomtoka haikuwa ya wimbo wala ya maneno. Ilikuwa furaha tupu, na ilisikika mpaka barabara ya malori.

Makene alifika mbio, jembe limeinuliwa. "Yuko wapi? Nyoka yuko wapi?"

"Hakuna nyoka! Tazama! Tazama mikono yangu!"

Makene akatazama mikono, akatazama gitaa, akatazama mwiko. Jembe likashuka polepole.

"Umelifunga nira," alisema.

"Nimelifunga nira!"

"Na mimi leo nitakula nini, wimbo?"

Tumpe alicheka hadi machozi, na yale machozi yalipoanza hayakujua kama ni ya kicheko au ya siku zote zile alizotaniwa. Makene akakaa juu ya kinu akamwambia apige, na yeye akapiga, mkono wa kushoto ukipanda na kushuka shingoni mwepesi kama haujawahi kubeba kitu maishani. Vidole vilifika mahali ambapo vilikuwa vimesahau njia. Chakula cha mchana siku ile kilikuwa viazi.

Lakini mwiko hauingii ibadani, hilo alilijua. Kabla jua halijazama alikuwa kibandani kwa Eliudi, gitaa begani na mwiko wake, akimweleza yote kwa pumzi moja. Eliudi alisikiliza, akajaribu mwenyewe kuvaa, akaachia mikono, akaguna kwa mshangao. Kisha akatikisa kichwa.

"Dada Tumpe, nimeelewa. Tena naona aibu, maana msumeno ulikuwa wangu. Lakini pembe sichongi. Mzee Ezron atanila nyama mbichi."

"Zile za zamani ziko wapi?"

"Mke wangu alichemshia maharage."

Tumpe aliketi kwenye rundo la mbao. Kuipata dawa na kunyimwa kikombe cha kunywea! Angekwenda kwa Mzee Ezron amweleze habari za nira na pete? Angesikiliza kwa adabu zote, halafu angesema ng'ombe ana pembe, mbuzi ana pembe. Macho ya Tumpe yalizunguka kibanda. Juu ya benchi kulikuwa na mimbari mpya ya kanisa, kazi ambayo Eliudi aliagizwa na Mzee Ezron mwenyewe, na mbele yake fundi alikuwa amechonga njiwa anayeruka. Njiwa mzuri, amekunjua kifua. Tumpe alimtazama njiwa yule kwa muda.

"Eliudi," akasema polepole, "hapo ubavuni mwa njiwa umechonga nini?"

"Bawa."

"Limechongoka."

"Bawa huchongoka, dada."

"Na bawa lina dhambi?"

Eliudi alikuwa ameshika randa. Akaiweka chini. Tabasamu lilianza upande mmoja wa mdomo, likatembea hadi upande wa pili.

"Bawa halina dhambi," alisema. "Bawa halijawahi kuwa na dhambi!" Akaruka, akavuta kipande cha mninga kutoka juu ya dari, akakipuliza vumbi. "Nionyeshe urefu. Mpaka wapi?"

"Mpaka hapa ulipoishia mwiko. Nimetia alama ya mkaa. Lisipungue hata ukucha, Eliudi, ukinipunguzia ukucha umenirudisha sauti ya kwanza."

Fundi alichonga kama mtu anayelipa deni la moyo. Manyoya aliyatia moja baada ya jingine, madogo nyuma, marefu mbele, na ncha yake akaitoboa akaweka kishikizo cha mkanda. Akaliunga kwenye kiwiliwili kwa gundi na skurubu ndefu, akalipaka rangi nyeupe. Siku mbili rangi ikikauka, Tumpe alipita kibandani kila alipokwenda sokoni, na kila aliporudi, na mara nyingine bila kwenda sokoni.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Kwaya ikapanga mistari, Zabron akasimama na ridhimu yake akijifuta jasho, maana alikuwa ameambiwa ajiandae kushika solo na hamu hiyo hakuwa nayo. Tumpe aliingia wa mwisho, gitaa amelifunika na khanga. Akaitoa khanga. Mnong'ono ukapita benchi hadi benchi. Mwalimu Rubeni aliinua mikono ya kuanzisha wimbo, akaiacha hewani, maana Mzee Ezron alikuwa amesimama kutoka kiti chake cha mbele, na alikuwa anatoa miwani mfukoni.

Alitembea taratibu mpaka kwa Tumpe. Kule barabarani lori lilisikika likibadilisha gia.

"Tumpe, binti yangu. Hiki ni nini?"

Ikiwa mzee angesema pembe, basi ni pembe, na Zabron yuko pale na mikono yake mirefu.

"Bawa, mzee," akajibu.

Mzee Ezron aliinama. Akayagusa manyoya yale ya mninga, moja moja, kutoka madogo hadi marefu. Akafika kwenye ncha, kidole kikasita. Eliudi, aliyekaa benchi la nyuma, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Bawa," mzee akarudia, kama anaonja. Akarudi hatua moja. "Haya. Pigeni tusikie."

Mwalimu akashusha mikono. Wimbo ukaanza, na Tumpe aliupiga kama hajawahi kuupiga. Hakuliinamia gitaa, hakulikaba. Alisimama wima, macho juu, na vidole vyake vikatembea shingo yote kutoka chini hadi juu, mahali pengine palikuwa papya hata kwake. Mwalimu Rubeni, ambaye bado alivaa kandambili mguu mmoja kwa ajili ya kile kidole, alianza kuruka na huo mguu mmoja. Wimbo ukapanda, ukapanda, ukafika pale mahali. Vyombo vikanyamaza. Na mbele ya kanisa zima Tumpe akaachia gitaa, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa.

Pa-pa!

Gitaa halikutikisika. Solo ikaingia kwa wakati wake, kali, safi, na vigelegele vikafunika mabati. Akina mama walisimama kwenye mabenchi. Zabron alikuwa anacheka kwa sauti huku anapiga, kama mtu aliyefutiwa kesi. Tumpe aliona kila kitu kwa ukungu, kwa sababu alikuwa analia na kucheka na hakuweza kujifuta. Mikono yake sasa ilikuwa na kazi yake yenyewe.

Wimbo ulipokwisha, Mzee Ezron alikuwa bado amesimama. Akainua mkono watu wanyamaze. Uso wake haukuwa na tabasamu.

"Eliudi yuko wapi?"

Eliudi akasimama kule nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa na fimbo. "Nipo, mzee."

"Hii kazi ni yako?"

"Ni... ni yangu, mzee."

"Mbona umefanya nusu?" Mzee akalionyesha gitaa. "Wewe umeona wapi ndege wa bawa moja? Tutaichekesha Kamsamba nzima! Kabla ya lori kuondoka nataka bawa la pili, hapa chini, lilingane na mwenzake."

Kanisa lililipuka. Eliudi alikaa chini ghafla, na Tumpe alificha uso wake nyuma ya kichwa cha gitaa ili mzee asimwone.

Siku ya safari, lori lilijaa ngoma, mikungu ya ndizi, amplifaya na betri yake, na kwaya nzima juu ya mifuko. Makene naye alipanda, anakwenda kuwasalimia ndugu zake bondeni. Alimkuta Tumpe ameketi na gitaa mapajani: jekundu, lina ncha mbili nyeupe kwa mbele, moja juu na moja chini ya shingo. Akalitazama. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Mama Goodness," akaanza, "mbona hizi..."

"Shii," Tumpe akamwambia.

Mzee Ezron alikuwa ameketi juu ya gunia nyuma yao, amejaa fahari, akiwasimulia akina mama. "Mnaona wenyewe. Lilikuja na pembe, tukazikata. Tukalipa mabawa. Na tangu siku hiyo haliinami tena."

Akina mama wakaitikia amina. Mzee akamgeukia Makene. "Au siyo, baba?"

Makene alikuwa amefuga ng'ombe tangu akiwa hajui kufunga vifungo vya shati, na pembe alizijua hata gizani. Alimtazama mzee. Alimtazama mkewe, ambaye alikuwa amebana midomo, mabega yakimtikisika, mikono yote miwili imeinuliwa tayari kupiga makofi.

"Kabisa, mzee," alisema Makene. "Mabawa."